Wasomaji Wauliza: Kuishi kwa Programu Huria, na Mawimbi Yanayokatika Maji Yakijaa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: watu wa pwani wanataka kompyuta na intaneti ziwe mikononi mwao wenyewe. Tumejibu tano. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu vijana kadhaa wameliuliza, kila mmoja kwa maneno yake.

Assalaam aleikum wahariri. Nina diploma ya teknolojia ya habari, naishi Langoni, na kwa sasa natengeneza simu dukani kwa mjomba. Nasikia kuna Waafrika ambao kazi yao ni kupigania programu huria na intaneti iwafikie watu wote. Ni kazi kweli, au ni kujitolea tu? Na mtu wa kisiwani aanzie wapi? — F.A., Lamu

Waaleikum salaam, F.A. Ni kazi, ila ni nadra kuiona ikitangazwa kwa jina hilo, na mlango wake si mmoja.

Chukua watu watatu. Nii Quaynor wa Ghana aliingia kwa mlango wa ufundi. Alikuwa miongoni mwa walioiunganisha nchi yake na intaneti miaka ya 1990, kisha akawa katika waanzilishi wa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, na wa AfNOG, jukwaa ambalo tangu 2000 limewafunza wahandisi wa mitandao kuendesha seva na rauta kwa programu huria, yaani zile ambazo yeyote ana ruhusa ya kuzisoma na kuzibadilisha. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Jonathan B. Postel. Dorcas Muthoni wa Kenya aliingia kwa mlango wa biashara: alianzisha kampuni ya programu Nairobi, OpenWorld, na pia AfChix, mtandao wa wanawake wa Afrika walio katika kazi za kompyuta. Mwaka 2014 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Intaneti. Nnenna Nwakanma wa Nigeria akashika upande wa sera: ni mmoja wa waanzilishi wa FOSSFA, muungano wa programu huria Afrika ulioundwa 2003, na baadaye akawa mtetezi mkuu wa wavuti katika Wakfu wa World Wide Web.

Tuzo na vyeo havikuonyeshi kazi yenyewe. Kazi inaonekana vizuri zaidi katika kisa cha KIXP, kituo cha Nairobi ambako kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano. Zamani barua pepe iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, ikiwa zinatumia kampuni mbili tofauti, ilipanda setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ikarudi. Setilaiti iko kama kilomita 36,000 angani. Kupiga na kujibiwa kupitia huko hula nusu sekunde kila mara, na gharama ililipwa kwa dola. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za Kenya zikaunganisha nyaya zao kwenye swichi moja Nairobi (kifaa kinachopitisha mawasiliano kati ya mitandao) ili mawasiliano ya ndani yabaki ndani. Majuma machache hayakwisha, mdhibiti wa mawasiliano akaamuru ifungwe, kwa malalamiko kwamba inavunja haki ya Telkom Kenya ya kubeba peke yake mawasiliano ya nje. Ilifunguliwa tena kwa leseni Februari 2002, baada ya zaidi ya mwaka wa kueleza na kueleza tena.

Hoja iliyobebwa ofisi kwa ofisi ilikuwa ya kifundi na ya kisheria kwa pamoja: swichi iliyo ndani ya chumba kimoja Nairobi haivuki mpaka wowote, basi haiwezi kuwa inabeba mawasiliano ya nje. Aliyejua nyaya tu asingeifikisha mbele ya mdhibiti, na aliyejua sheria tu asingeweza kueleza swichi inafanya nini. Mtetezi ni yule anayebeba vyote viwili. Kwa hiyo, F.A., usiache meza ya mjomba. Ndiyo mtaji wako.

Miezi mitatu ya kwanza, tafuta laptopu kuukuu, weka Debian, mfumo huria wa Linux, na usiwe na mashine nyingine pembeni ya kukimbilia. Jifunze amri za `ip`, `ssh`, `systemctl`, `journalctl` na `git` hadi vidole vizoee. Miezi mitatu inayofuata, endesha huduma moja ambayo mtu mwingine anaitegemea kweli, hata ikiwa ni seva ndogo ya nakala za hesabu za duka. Kitu kisichotegemewa na mtu hakikufundishi, kwa sababu kikianguka usiku hakuna atakayekuamsha. Kila hitilafu iandike daftarini: tarehe, dalili, chanzo, dawa. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuombea kazi vizuri kuliko cheti.

Sambamba na hayo, chagua mradi mmoja wa programu huria uchangie. Anza na ripoti nzuri ya hitilafu: toleo la programu, hatua ulizofuata moja baada ya moja, ulichotarajia, kilichotokea. Halafu rekebisha ukurasa mmoja wa maelezo, kisha msimbo. Kwa mwenye bando dogo, `git`, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ni rafiki: ukipakua kwa `--depth 1` unachukua hali ya sasa tu bila historia yote, unafanya kazi bila mtandao, na unatuma mabadiliko yako bei ya bando ikishuka usiku. Ukishachangia kwa miezi kadhaa, omba nafasi Outreachy, ambako mafunzo ya miezi 3 hulipwa dola 7,000, au Google Summer of Code, ambayo tangu 2022 inapokea hata wasio wanafunzi wa chuo. Wengi hukosa kwa sababu hujitokeza wiki ya mwisho na kutuma viraka (marekebisho madogo ya msimbo) kumi vya haraka. Wasimamizi humtafuta aliyekuwepo kabla na aliyejibu alipoambiwa rekebisha.

Upande wa kutetea, anza kwa kupima. Kwa siku 30, mahali palepale, mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na baada ya isha, andika kasi ya kupakua, muda wa kujibiwa kwa milisekunde, jina la mtandao, na bei ya gigabaiti moja siku hiyo. Jedwali la vipimo 90 halipuuzwi kirahisi kama malalamiko ya barazani. Kisha jua kalenda ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukipeleka ombi la kuunganisha zahanati au maktaba mwezi wa Mei, umechelewa mwaka mzima, hata kama kila mtu chumbani anakuunga mkono.

Pia una Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi la maandishi, na ikikaa kimya unaweza kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiulize "intaneti ya shule iko wapi." Uliza kwa usahihi: shule zipi ziliorodheshwa, mkataba unasema kasi gani, nani alikagua, na nani analipa ada ya kila mwezi baada ya mwaka wa kwanza. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka wa kwanza mfadhili hulipa. Mwezi wa 13 bili huja kwa mwalimu mkuu ambaye hakuwahi kuiwekea bajeti, na mtambo unazimika ukiwa mzima kabisa.

Sasa riziki. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tuna neno *huru* na neno *bure*, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Programu huria ni huru: una ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu nyingi huria, haikukatazi kulipwa kwa kuisimika, kuitunza na kuwafunza watu. Na tayari iko kazini. Takwimu za afya za Kenya hupita DHIS2, iliyoanza kutumika nchi nzima 2011. KenyaEMR, ambamo kliniki huweka rekodi za wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS. Vyuo hutumia Moodle kwa masomo ya mtandaoni, na maktaba nyingi Koha kwa orodha ya vitabu. Zote ni huria, na zote zinahitaji mtu wa kuhifadhi nakala, kuhamisha toleo na kuketi na muuguzi ambaye ripoti yake imekataa kwenda. Fundi anayezijua DHIS2 na hifadhidata ya PostgreSQL vilivyo hakai muda mrefu bila kuitwa.

Utakapoanza kuitwa, andika bei, hata kwa shule unayoionea huruma. Ukitaka kuwasamehe, andika bei kamili kisha uandike msamaha chini yake. Kazi isiyo na bei hudhaniwa haina gharama, na mwaka ukiisha utaachwa na mitambo saba isiyo na nauli ya kuifikia. Nywila za usimamizi wazijue watu wawili, na nakala iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ofisini. Mtambo ambao nywila yake imeondoka na fundi aliyehamia Mombasa ni sawa na uliozama.

Nafundisha Malindi. Tumepewa kompyuta 14 za mezani, nyingi zina RAM ya GB 2, na Windows yake inajikokota. Tano kati yake zinakataa kufungua tovuti yoyote, zinasema muunganisho si salama, ingawa mtandao upo. Tufanyeje bila kununua mpya? — Mwalimu K., Malindi

Mwalimu, zile tano huenda zikapona leo jioni. Ziwashe moja moja ukibonyeza F2 au Delete, na utazame saa iliyo ndani. Ukikuta mwaka 2009 au 2012, betri ya ubao mama imekufa. Kila tovuti salama hubeba hati yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 huona hati zote bado hazijaanza kazi, basi inazikataa zote. Betri ni CR2032, ile bapa kama sarafu ya shilingi, na hupatikana kwa mafundi wa saa. Chomoa umeme kwanza, bana kijishikizo pembeni, toa, weka mpya upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe na saa. Bei ya betri tano haifiki hata bei ya kipanya kizuri.

Ukiwa umefungua kasha, chomoa RAM na usugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu. Hewa ya chumvi hupiga utando mwembamba hapo, na kompyuta nyingi za pwani zinazowaka kwa milio bila picha zina ugonjwa huo tu. Halafu fanya hesabu: kama mbili au tatu ni mbovu kabisa, hamishia RAM yao kwenye nzima zinazotumia aina ileile. DDR2 na DDR3 haziingiliani. Pengo la chini haliko mahali pamoja, usilazimishe. Kompyuta chache zenye GB 4 ni bora kuliko nyingi zenye GB 2.

Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haitakubali mashine za umri huo. Kwa hizo, Linux Mint ya Xfce, mfumo huria wenye mwonekano mwepesi, inatosha: inaomba RAM ya GB 2 na nafasi ya diski GB 20, ingawa kwa GB 4 inapumua. Hakikisha kwanza kwamba kichakataji ni cha biti 64. Za biti 32 tupu ziachie antiX, Linux nyepesi zaidi. Pakua faili mara moja tu, na kabla ya kuliandika kwenye flashi ya GB 8 linganisha alama yake kwa `sha256sum` na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Usiruke hatua hii. Kupakua kwa mtandao unaokatika huacha faili lenye tundu, na tundu hilo hujitokeza katikati ya usimikaji kama kosa lisiloeleweka, ukashinda siku nzima ukiilaumu diski.

Usisimike zote siku moja. Simika moja, iunganishe na printa ya shule, mpe mwalimu wa karibu aitumie wiki nzima kuandaa mitihani. Yakishajulikana yanayosumbua, na karibu kila mara ni printa na fonti za nyaraka za zamani, rekebisha hiyo moja, kisha nakili diski yake kwenda kwa nyingine kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Diski zinazopokea zisiwe ndogo kuliko ile ya asili, na baada ya kunakili badilisha jina la kila mashine, la sivyo zitagongana kwenye mtandao.

Iliyo bora kati ya zote ifanye seva ya darasa. Ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, weka Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, ambayo wanafunzi wataifungua kwa kivinjari kwenye mlango 8080 (waandike 192.168.1.10:8080), na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili kwenye mlango 8081. Masomo ya Khan Academy yapo kwa Kiswahili ndani ya Kolibri. Chagua mada za darasa lako tu, maana yote pamoja yatajaza diski. Pakua mahali penye mtandao mzuri, yabebe kwa diski ya nje. Tangu hapo darasa zima husoma bila kula bando hata kidogo.

Mwisho, kebo. Madukani kuna kebo za mtandao za bei ya chini ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, rudisha. Alumini hukatika ikikunjwa mara mbili tatu, na kwenye chumvi huliwa haraka. Shaba halisi ni nyekundu hadi kiini.

Tumeunganisha jengo letu Lamu na jengo la ng'ambo kwa antena mbili za 5.8 GHz, kilomita 5 juu ya maji. Kila upande uko kama mita 14 juu ya maji yakiwa yamekupwa. Kiungo ni kizuri, halafu kinakatika kwa saa mbili hivi, mara mbili kwa siku. Saa zenyewe zinahama kila siku, na kuna siku za mwezi hakikatiki kabisa. Tumeongeza nguvu ya antena, hakuna kitu. — H.O., Lamu

H.O., jibu uliliandika mwenyewe bila kujua. Kitu kinachokuja mara mbili kwa siku, kikachelewa kama dakika 50 kila siku, na kikatulia siku fulani za mwezi, huku kwetu ni kimoja tu: maji. Linganisha saa za kukatika na jedwali la kujaa na kupwa. Utaona zinaangukia kwenye kilele cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, na maji mafu, yale madogo, yakiingia mnapona.

Kinachotokea ni hiki. Antena inayopokea inapata wimbi moja lililokuja moja kwa moja, na la pili lililogonga uso wa maji likaruka. Bahari iliyotulia ni kioo kwa mawimbi haya, na wimbi likigonga kwa pembe nyembamba hivyo hugeuzwa juu chini. Njia ya pili ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na urefu huo wa ziada ni kama mara mbili ya kimo cha antena ya kwanza, mara kimo cha ya pili, gawanya kwa umbali. Maji yakiwa yamekupwa: 2 × 14 × 14 ÷ 5,000, yaani sentimita 7.8. Urefu wa wimbi la 5.8 GHz ni sentimita 5.2. Tofauti ni wimbi moja na nusu, na kwa kuwa lile la pili limegeuzwa, yote mawili yanakutana yakisaidiana. Mambo mazuri.

Bamvua likijaa, maji yakipanda mita 2.6, kila antena inabaki na kimo cha mita 11.4 tu. Rudia hesabu: 2 × 11.4 × 11.4 ÷ 5,000 ni sentimita 5.2. Wimbi moja kamili. Hapo yanafutana. Ndiyo maana kuongeza nguvu hakusaidii: umeongeza wimbi la kweli na kivuli chake kwa kiasi kilekile.

Dawa ni kushusha antena moja, si kuzipandisha mbili. Iache moja mita 14, nyingine ishushe hadi mita 6 juu ya maji yaliyokupwa. Tofauti ya njia itakuwa sentimita 3.4 maji yakikupwa na 1.6 yakijaa, na hakuna mahali kati ya hapo panapogusa wimbi kamili. Watu watakushangaa ukishusha, maana fundi amezoea kwamba juu ndiko kuzuri. Lakini usishushe bila kupima nafasi: kwa kilomita 5, katikati ya njia unahitaji kama mita 5 wazi chini ya mstari wa macho, na kwa vimo hivyo unabaki na 7 hata bamvua likijaa. Mikoko ndiyo ya kuangaliwa. Ukingo wa mikoko mbele ya antena iliyo chini utakula mawimbi yote. Ikiwa ipo, shusha ile ya upande usio na miti.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, rekodi nguvu ya ishara kila dakika 10 kwa siku 15, ili upate bamvua moja na maji mafu yake. Kwa umbali huo, kwa nguvu ya dBm 20 na antena za dBi 23 kila upande, unapaswa kuona karibu dBm hasi 56 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara). Ukiona hasi 56 maji yakikupwa na hasi 80 yakijaa, ugonjwa ni huu. Ukiona hasi 75 saa zote, antena hazitazamani sawasawa, au kiunganishi kimeingia chumvi.

Na kwa kuwa mtapanda huko: bolti ziwe za chuma cha pua aina ya 316, kila kiunganishi kivikwe utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, na kebo ishuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa ili maji ya mvua yadondoke hapo, yasiingie ndani.

Mimi ni mhariri wa Kiswahili Malindi, si mtu wa kompyuta. Naweza kuchangia kutafsiri programu? Na kwa nini nyingi zilizotafsiriwa zinasomeka vibaya hivyo? — Bi M.S.

Bi M.S., unahitajika kuliko waandika programu kumi. Mfano mzuri upo zamani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwishoni mwa 2004, baada ya kukubaliana istilahi kwanza, kisha ndipo kutafsiri. Mpangilio huo ndio sahihi, na ndio unaorukwa sana. Mmoja anaandika *nywila*, wa pili *nenosiri*, wa tatu *neno la siri*, na mtumiaji anadhani ni vitu vitatu.

Kinachoharibu zaidi ni ngeli. Mwandishi wa programu huweka sentensi moja yenye pengo, `%s` ikisimama mahali pa jina la kitu, na anataka utafsiri kwamba "kitu hicho kimefutwa". Kitu hicho kinaweza kuwa faili, ujumbe au mtumiaji. Ukiandika `%s imefutwa`, utapata "ujumbe imefutwa" na "mtumiaji imefutwa", na msomaji anajua mara moja kwamba aliyeandika hakujali. Ziko njia mbili. Ya kwanza, ikimbie ngeli: `Umefuta: %s`. Mtendaji ni mtumiaji mwenyewe, na kitu kinakaa baada ya nukta mbili bila kudai upatanisho. Ya pili ni kuwaandikia wasanidi waigawe sentensi moja ziwe tatu, kila aina ya kitu na yake. Wengi hukubali wakielezwa, maana lugha nyingine zina shida kama hiyo.

Zana ya kawaida ni Weblate: unafungua akaunti, unachagua mradi na lugha, na unatafsiri ndani ya kivinjari bila kugusa msimbo. Alama kama `%s` na `%d` usizifute wala kuzitafsiri. Ikikosekana moja, programu inaweza kuanguka mtumiaji akibofya hapo. Alama ya `&` ndani ya neno, kama `&Faili`, ndiyo inayoipa herufi inayofuata njia ya mkato ya kibodi, basi usiweke herufi ileile mara mbili kwenye menyu moja. Anza na menyu na jumbe za makosa, ambazo watu huzisoma kila siku. Ukimaliza, iwashe programu uione kwenye skrini, kwa sababu Kiswahili mara nyingi ni kirefu kuliko Kiingereza, na kitufe kinaweza kulikata neno lako katikati.

Majirani wa Shela wananiomba niwagawie Wi-Fi yangu, tuchangie bili. Ni halali? — S.B.

Soma kwanza mkataba wako na kampuni ya intaneti. Kampuni nyingi hukataza kuuza upya, na zinaweza kukukatia bila onyo. Kama mko kaya nyingi na mnataka jambo la kudumu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni ya mitandao ya jamii, iliyowekwa 2021 kwa vikundi visivyolenga faida, na nyepesi kuliko ya kampuni kubwa. Sajilini kikundi, mwe na katiba na akaunti ya benki, na mnunue vifaa vilivyoidhinishwa na Mamlaka. Kisha muombe kampuni mkataba wa jumla kwa jina la kikundi badala ya jina lako.

Nyumba za mawe hazitapitisha Wi-Fi ya 5 GHz kutoka chumba hadi chumba, achilia mbali kwa jirani. Kuta za matumbawe zina unene wa nusu mita na zaidi. Pitisheni kebo ya nje ya shaba juu ya dari hadi kila nyumba, isizidi mita 100 kwa kipande, na rauta ndogo ndani ya kila nyumba ikae kwenye chaneli 1, 6 au 11 za 2.4 GHz, mbili zinazopakana zisifanane.